Mkwe Hakagui Mtaro

Nyanya yangu mzaa mama na mume wa mama yangu mdogo wanapendana sana, na hawajawahi kusemezana hata siku moja. Kwetu Embu huo si ugomvi, ni adabu. Tunaiita thoni, ile haya anayopaswa kuwa nayo mwanamume mbele ya mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao lazima aingie kwenye shamba la watu mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi pale Embu mjini wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha. Nilipomwonyesha nyanya picha moja kama hiyo kwenye simu yangu, alifumba macho akaniuliza kama huyo kijana alikuwa mgonjwa.

Mkwe mwenyewe tunamwita Anko. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu, mwenye koti la kahawia na sauti ya kusomea matokeo ya mtihani. Akiwa na la kumwambia nyanya, lazima apitie kwa mtu wa tatu, na nyanya vilevile. Miaka yote mtu huyo alikuwa mama mdogo. Mwaka jana mama mdogo alichoka. Alisema amekuwa redio ya watu wawili wenye masikio mazima tangu alipoolewa, na sasa betri zimekwisha. Kazi hiyo ikaniangukia mimi.

Waliponipigia simu niache duka langu la agroveti Kibirichia nije Kianjokoma kwa siku chache, hawakuniambia hivyo. Waliniambia nyanya anatunukiwa nishani. Ilikuwa kweli. Kamati ya wadi ilikuwa imeamua kufanya sherehe ya kuwaenzi wanawake waliochangia kuikomboa nchi, na nyanya, aliyekuwa msichana aliyeolewa karibuni wakati wa Hali ya Hatari, ile miaka ya vita vya msituni dhidi ya mkoloni, ndiye pekee katika mtaa wetu aliyebaki hai wa kutunukiwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Anko. Hotuba ya kumsifu nyanya aliiandika Anko. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu katika miaka yote hiyo Anko hakuwahi kumuuliza nyanya alifanya nini. Angemuulizaje?

Mimi sina subira, na sijidai kuwa nayo. Mtu anayewauzia dawa wakulima wa viazi, wanaoichanganya nusu ya kipimo halafu wanarudi kusema haifanyi kazi, subira yake huisha mapema. Lakini nilijitahidi. Mchana uliotangulia sherehe, Anko alikaa kwenye baraza akiwa amelipa jiko mgongo na kutazama barabara. Nyanya alikaa jikoni, ile nyumba ndogo ya mbao upande wa pili wa uwanja, akichochea moto. Mimi nilisimama katikati na kuku. Anko akanisomea hotuba, yaani alimsomea nyanya kupitia kwangu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani.

Kwa mujibu wa hotuba ile, nyanya alibeba risasi msituni akiwa amezificha ndani ya nduma zilizochemshwa. Alilala kwenye mianzi miezi mingi. Alipigana na askari wa Kizungu, na mbwa wa huyo askari alipomrukia, nyanya alimng'ata mbwa sikio.

 Sauti ya nyanya ikatoka jikoni, ya upole kabisa.

"Mwambie sikumng'ata mbwa."

"Nimesikia," Anko akajibu, halafu akakumbuka kwamba hapaswi kuwa amesikia. Akakohoa, akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikamwambia hakumng'ata mbwa. Nyanya akaongeza kwamba anaogopa mbwa mpaka leo, na kwamba nduma ikishachemshwa haiwezi kushika risasi, itapasuka, mtu yeyote aliyewahi kupika anajua. Hilo nalo nikalipeleka. Anko akasema, kwa Kiswahili chake cha ofisini ambacho hukitoa akibanwa, kwamba hiyo maneno ya mbwa ameipata kwa mtu wa kuaminika. Nyanya akataka kujua ni nani. Anko akamtaja mzee mmoja. Nyanya akasema huyo mzee wakati huo alikuwa ananyonya.

Ningecheka zaidi kama nisingekuwa nakimbia. Uwanja ni mpana, na wote wawili walitaka maneno yafike yakiwa moto.

Hatimaye nyanya akaniita ndani, akaniambia nikae, akanieleza ilivyokuwa. Nimekua nikisikia habari za Hali ya Hatari, lakini hii sikuwahi kuisikia. Nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

Serikali ya mkoloni ilitaka kuwatenga wapiganaji walioko msituni na watu waliokuwa wakiwalisha. Kwa hiyo iliamuru uchimbwe mtaro mrefu na wa kina kandokando ya msitu wa mlima, na chini yake ichomekwe miti iliyochongwa ncha. Waliochimba walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kizuizini au huko msituni kwenyewe. Kila asubuhi walitolewa kijijini wakiwa na majembe, kila mwanamke akapewa kipande chake cha kuchimba, na juu ya tuta la udongo akapita homugadi, mlinzi mwenyeji aliyekuwa upande wa serikali, akitazama chini kama kila mmoja amefikisha kina kinachotakiwa. Ambaye hakufikisha alichapwa.

Homugadi wa upande wetu alikuwa shemeji wa babu yangu, mume wa dada yake. Na katika ule mstari wa wanawake, akiwa ameinama na nguo ameikunja mpaka magotini, alikuwemo mama mzazi wa babu. Maana yake ni kwamba homugadi alikuwa na kiboko mkononi na mama mkwe wake chini ya miguu yake.

Siku ya kwanza, nyanya alisema, yule mtu alikuja akipiga kelele huku na huku, akafika karibu na kipande cha mama mkwe wake, akasimama ghafla. Akageuza uso. Kisha akashuka kwenye tuta, akazunguka vichakani huko mbali, akatokea upande wa pili na kuanza kupiga kelele tena. Siku ya pili akafanya hivyohivyo. Hakuna amri ya serikali ya Uingereza ambayo ingemfanya amchungulie mama mkwe wake kutoka juu akiwa ameinama.

Mama yule aliliona hilo kabla ya wote. Siku ya tatu hakuchimba tena kama alivyoamriwa. Alichimba pembeni kidogo na kurundika udongo juu sana pande zote mbili, hata ukisimama barabarani anakosimamisha gari Mzungu msimamizi wa kazi unaona mtaro mzuri, lakini katikati akaacha ardhi kama ilivyoumbwa, akaitandazia matawi. Akawaambia wanawake wenzake wa kulia na wa kushoto wamsogelee. Homugadi alipokaribia, alivua kitambaa cha kichwani, akanyoosha miguu, akaanza kuimba kwa sauti mbaya. Kadiri alivyojiachia ndivyo mkwe wake alivyozunguka mbali zaidi, mpaka kukawa na kipande kikubwa cha mtaro ambacho hakikuwahi kuonwa na jicho la serikali. Hapo ndipo vyakula vilipopitia. Wanawake waliacha vyondo vyao, vikapu vilivyojaa chakula, chini ya yale matawi jioni, na asubuhi wakavikuta vitupu.

"Alitushinda wote akili," nyanya akasema. "Na alikuwa mama mkwe wangu."

Inafaa mjue jambo moja ili muelewe kwa nini nilibaki mdomo wazi. Sisi wajukuu tuliujua ubaya wa yule mama mkwe kuliko tulivyoijua Sala ya Bwana. Nyanya ametulea kwa hadithi zake. Alivyoonja uji wa nyanya na kuumwaga mbele ya wageni. Alivyomwambia kwamba anamenya viazi kama mwanamume. Alivyohesabu ndizi kwenye mkungu kabla ya kwenda sokoni na kuzihesabu tena aliporudi. Walikaa boma moja mpaka yule mama alipozeeka na kufa, na nyanya hajawahi kumsemea neno jema. Nikamuuliza kwa nini leo.

Akachochea moto kwanza. Akasema wale wanawake wote waliochimba pale wamekwisha, amebaki yeye. Kesho watu watapiga makofi kwa sababu ya mbwa ambaye hakuwahi kung'atwa, na baada ya hapo habari ya mtaro itakuwa imezikwa. "Nikifa na hili, yule mama atabaki kuwa yule mbaya ninayewaambia. Hatakuwa na mtu mwingine wa kumsemea." Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ulikuwa moshi. Akanituma niende nikamwambie Anko aifute hotuba yake na aandike hii.

Nilikwenda. Nilimsimulia Anko yote, ingawa alikuwa amekwisha kuyasikia yote kutoka barazani, maana alikuwa amegeuza kiti. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema haiwezekani. Hotuba imeshapigwa chapa, nakala zimekwenda kwa mgeni rasmi huko Nairobi. Anayeenziwa ni aliye hai, si aliyekufa. Na tena, akaniuliza, nani atapiga makofi kwa mama aliyekataa kuchimba? Hiyo si ushujaa, hiyo ni uvivu. Historia inataka kitu mtu anaweza kushika.

Nyanya akasikia hiyo ya uvivu. Hakuniambia nipeleke jibu lolote. Aliuliza tu kama chai ya mkwe wake imepelekwa barazani, na hapo ningejua jambo linakuja, kama ningekuwa na akili.

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama waliovaa sare za kijani, na harufu ya pilau kutoka nyuma ya tangi la maji. Nyanya walimketisha hema la mbele upande wa kulia, na Anko hema la kushoto, nyuma ya nguzo, ili wasitazamane. Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa nne, simu ilipoingia kwamba mgeni rasmi amekwama huko aliko na hatafika. Wanakamati wakakutana kando. Kwa protokali, asipokuwepo mgeni rasmi, anayesoma hotuba na kumvisha nishani anayetunukiwa ni mwenyekiti.

Sijawahi kumwona mtu mzima akitokwa na jasho namna ile kwenye baridi ya Kianjokoma. Nishani ina pini. Pini hiyo inachomekwa kifuani. Kamati nzima, watu wenye vyeti na suti, ilikuwa imeandaa sherehe hii kwa muda mrefu bila kujiuliza itakuwaje mgeni akikosa kuja, na sasa protokali ilikuwa ikimwamuru mkwe amshike mama mkwe wake kifuani mbele ya wadi nzima na mapadre wawili. Katibu, kijana aliyesomea Nairobi, alisema ni dakika moja tu. Anko akampa mgongo, akaniita. Tukakubaliana kwamba yeye atasoma, na mimi nitavisha.

Akapanda jukwaani akiwa ameelekeza uso kwa kwaya, asimwone nyanya. Akaanza. Nduma zikaja na risasi zake. Mianzi ikaja. Watu walifurahi, kwaya ikapiga vigelegele. Nilimtupia nyanya jicho. Alikuwa ametulia tu, mikono juu ya fimbo yake. Anko alipofika kwa askari wa Kizungu na kuvuta pumzi ili amlete mbwa, nyanya akasimama.

Nilidhani anataka kwenda msalani. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaukataa. Akatoka hemani, akaelekea jukwaani, polepole, fimbo mbele, akimwendea mkwe wake moja kwa moja.

Anko akamwona kwa pembe ya jicho. Sauti ikamkatika. Akasogea hatua moja upande wa kushoto, akiwa bado ameshika kipaza sauti, akajaribu kuendelea. Nyanya akaendelea kuja. Anko akasogea tena. Waya ukaisha. Kwa sekunde chache alisimama pale, kipaza sauti kimevutwa mpaka mwisho, hotuba kwenye mkono wa pili, mama mkwe akija na nafasi ikipungua, na nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Kisha akakiweka kipaza sauti juu ya kiti, kwa adabu kubwa, akashuka jukwaani kwa upande wa nyuma. Nyanya alipofika jukwaani Anko alikuwa amelipita hema la mapadre. Alipokishika kipaza sauti, Anko alikuwa nyuma ya tangi la maji pamoja na wapishi.

Vijana hawakuelewa kitu. Wengine walifikiri mwenyekiti amepatwa na tumbo. Lakini wazee walikuwa wameanza kucheka, kwanza akina mama, halafu wanaume wenye mvi, kicheko kikazunguka uwanja mzima mpaka padre mmoja akafuta machozi. Nyanya akangoja kiishe. Akasema kwa Kiembu kwamba anaomba radhi kwa mkwe wake, ambaye ni mtu mzuri na mwenye heshima, na kwamba ni kwa sababu ya heshima ya namna hiyo sisi tuko hapa leo.

Akawasimulia mtaro. Hakuongeza kitu. Alisema mama mkwe wake alikuwa na mdomo mbaya, alikuwa mchoyo, na aliumwaga uji wake mbele ya wageni. Akasema huyohuyo ndiye aliyekaa kwenye matope mbele ya kiboko, akavua kitambaa, akaimba vibaya, ili watoto wa watu wapate kula. Akasema wanawake wengi waliimba naye kila siku mpaka mtaro ulipokwisha, na akawataja majina, mmoja baada ya mwingine. Kila alipotaja jina, mahali fulani uwanjani mtu aliinua kichwa. Mama mmoja wa kwaya alikaa chini, akaficha uso kwa sare yake.

Nilimvisha nishani. Nikamchoma kidogo, naye akaniambia nishike pini kama mtu aliyewahi kushona.

Watu walipoanza kwenda kwenye chakula, mpishi mmoja akaja kuniita. Anko alikuwa bado nyuma ya tangi, amekalia ndoo iliyogeuzwa. Hotuba yake ilikuwa kwenye goti. Nilidhani amekasirika, nikajiandaa kumpoza, lakini alikuwa amesikia kila neno na alikuwa na swali.

"Muulize mama," akasema. "Huyo homugadi. Alikuwa anajua?"

Nilipita katikati ya sufuria na sahani mpaka kwa nyanya, nikamuuliza. Alikuwa anatafuna mnofu kwa meno yaliyobaki, akamaliza kwanza. Akacheka kwa pua.

"Mwambie hivi. Hicho chakula chote kilipikwa wapi? Sisi tungepika kijijini wangeona moshi, wangekuja kuhesabu vyungu. Kilipikwa nyumbani kwake homugadi, maana ndiyo nyumba pekee isiyopekuliwa. Alipika wifi yangu, mke wake. Kila jioni yule mtu alirudi nyumbani kwake, nyumba ya watu wanne tu, akakuta chungu cha kulisha harusi motoni. Akala chake, akalala."

Nikarudi nyuma ya tangi, nikamwambia Anko maneno hayo kama yalivyo.  Alitazama upande wa msitu, ambako siku hizi mtaro umejaa udongo na watu wamepanda viazi na kabichi mpaka ukingoni. Kisha akaigeuza hotuba yake upande usioandikwa, akaiweka juu ya goti, akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti.

"Rudi kwa mama," akaniambia. "Muulize huyo mke aliitwa nani."